Ofisi mpya ya vioo, vichwa vinauma: pesa tuanzie wapi?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa utumishi wa kampuni ya watu 34 hapa Dar es Salaam. Februari tulihamia ghorofa ya tano ya jengo jipya la vioo. Ofisi inapendeza na kila mgeni anaisifu, lakini tangu tuhamie malalamiko hayaishi. Ikifika saa nane mchana vichwa vinauma na usingizi unakuja. Upande mmoja watu wanavaa masweta, upande wa pili wanajipepea kwa mafaili. Wa uhasibu wanasema kwa kelele zilizopo hawawezi kufunga hesabu. Mkurugenzi ametenga shilingi milioni 18 za kuboresha mazingira ya kazi. Anataka sofa za rangi, meza ya tenisi, mashine ya kahawa, na kubomoa vyumba vitatu vilivyobaki ili tukae ukumbi mmoja tuelewane zaidi. Je, hivyo vitasaidia? Kama havitasaidia, pesa tuanzie wapi?"

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na vile vyumba vitatu, maana hapo pana haraka. Mwombe mkurugenzi asibomoe hata kimoja mpaka mmalize kusoma jibu hili, wewe na yeye. Sofa zinaweza kusubiri. Ukuta ukishaanguka, kuusimamisha tena ni gharama ya pili.

Sasa nenda ukaangalie viyoyozi vyenu. Kama ni vile vyenye boksi ukutani ndani na mashine nje, kama ilivyo katika ofisi nyingi za mji huu, basi kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawajawahi kuambiwa: kiyoyozi cha aina hiyo hakiingizi hewa kutoka nje. Kinavuta hewa ya humo humo chumbani, kinaipoza, kinaikausha kidogo, kisha kinairudisha. Yale mabomba mawili ya shaba yanayotoboa ukuta yanapitisha gesi ya kupozea, hayapitishi hewa ya kupumua. Kwa hiyo mkifunga madirisha saa mbili asubuhi, watu 34 mnashinda mnavuta pumzi za wenzenu mpaka jioni. Ubaridi unawafanya mdhani hewa ni safi.

Tupige hesabu, kwa sababu mkurugenzi wako ataelewa namba kuliko malalamiko. Mtu mzima aliyekaa anatoa takriban lita 18 za hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) kila saa. Chukua chumba cha mikutano cha mita 4 kwa 5, dari ipo mita 2.7 juu: ujazo wake ni mita za ujazo 54. Wakae watu 10, mlango ufungwe, kiyoyozi kiwashwe. Nje, hewa ya ukaa ni sehemu 420 hivi katika kila milioni. Humo ndani itapita 1,000 baada ya dakika kumi na moja hivi, na saa ikitimia itakuwa imevuka 3,000. Kweli milango huvuja, na kila anayeingia au kutoka huingiza hewa kidogo, kwa hiyo namba halisi itapungua kiasi. Lakini mwelekeo ni huo. Hiyo 1,000 nayo si namba ya jana: Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Munich, Ujerumani, aliipendekeza kuwa mpaka wa hewa nzuri ya chumbani tangu mwaka 1858.

Hewa ya ukaa kwa kiwango hicho haimuui mtu. Mimi naichukulia kama moshi unaoonekana juu ya paa: unakuonyesha kwamba chini yake kuna mambo mengine. Ikipanda, ujue na jasho, vumbi la mashine ya kuchapia, harufu ya rangi mbichi na gundi ya meza mpya navyo vimejazana. Ninyi mmehamia jengo jipya lenye samani mpya, hivyo mzigo wenu ni mkubwa kuliko wa ofisi ya zamani. Mwaka 2015 watafiti wa Harvard walichapisha jaribio walilolifanya Syracuse, Marekani. Wafanyakazi wa ofisini 24 walifanya kazi zao za kawaida katika vyumba ambavyo hewa yake ilibadilishwa siku hadi siku, wao wenyewe bila kujua ipi ni ipi. Siku za hewa isiyo na harufu za kemikali, alama zao katika mitihani ya kufikiri na kuamua zilikuwa juu kwa asilimia 61. Hewa ya nje ilipoongezwa zaidi, zilifika takriban maradufu. Watu 24 ni wachache, nami nisingemwahidi mkurugenzi kwamba mauzo yake yatapanda kiasi hicho. Lakini kwa miaka mingi nimeingia katika ofisi zilizofungwa kama yenu, na ile saa nane unayoisema naifahamu vizuri: macho mazito, watu wanasoma mstari mmoja mara tatu.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya milioni 18 iende kwenye hewa. Kipimo kinachotumiwa sana na wasanifu ni lita 10 za hewa ya nje kwa kila mtu kwa kila sekunde. Kwa watu 34 ni lita 340, yaani mita za ujazo zipatazo 1,200 kwa saa. Feni ndogo ya chooni haifiki hata sehemu ya kumi ya hapo, kwa hiyo fundi akikuletea hiyo, mrudishe nayo. Mnahitaji feni ya mfereji wa hewa inayofichwa juu ya dari ya jipsamu, yenye kichujio, inayovuta hewa ya nje upande mmoja wa ghorofa, na nyingine ya kuitoa upande wa mbali ili ipite katikati ya watu. Kutoboa ukuta wa nje kunahitaji ruhusa ya mwenye jengo, na iombeni kwa maandishi. Umeme utaongezeka, hilo nisikufiche, kwa sababu hewa ya Dar inaingia ikiwa na joto na unyevu na kiyoyozi kitafanya kazi zaidi kuipoza. Niliona ofisi moja mjini ambayo feni kama hizo zilifungwa vizuri kabisa, kisha mhasibu akaagiza zizimwe ili Luku isiishe mapema. Miezi miwili baadaye wakanunua sanduku kubwa zaidi la dawa za maumivu. Mkizifunga, funikeni swichi.

Wakati mnasubiri ruhusa, fungueni madirisha kuanzia anapoingia mtu wa usafi hadi saa mbili, na tena wakati wa chakula cha mchana. Kuanzia Mei hadi Septemba, kusi inapovuma, mnaweza kuyaacha wazi muda mrefu zaidi. Wekeni wavu kwanza. Mji huu umeshapata milipuko ya dengi, ukiwemo wa 2014 na wa 2019, na mbu wake huuma mchana, saa hizo hizo mlizopo ofisini. Mikutano isizidi dakika 40 bila mlango kufunguliwa.

Tuje kwenye masweta na mafaili. Nina hakika wanaojipepea wamekaa upande wa magharibi. Dar es Salaam ipo karibu na ikweta, nyuzi saba kasoro kusini, kwa hiyo jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima, na ukingo mfupi tu juu ya dirisha la kaskazini au kusini unatosha kulizuia. Jua la asubuhi na la jioni halizuiliki hivyo. Linakuja limelala, linaingia moja kwa moja kupitia kioo, na la jioni ndilo baya kwa sababu linakuta jengo limeshapata moto. Pazia la ndani linaficha mwanga lakini joto limeshaingia. Linakaa kati ya pazia na kioo na kusambaa chumbani. Kivuli kinachofanya kazi ni cha nje. Wazee waliojenga pwani walilijua hilo: kumbuka Beit al-Ajaib, kasri la Unguja lililokamilika mwaka 1883, lilivyozungushiwa roshani pana ili jua likomee kwenye nguzo. Majengo yetu mapya yamevua roshani hizo na kuvaa kioo, na anayelipa gharama ni mpangaji, kwa fedha na kwa afya.

Ninyi ni wapangaji, hamwezi kujenga roshani ghorofa ya tano. Mnachoweza ni kuhamisha watu, na hilo ni bure. Upande wa magharibi pelekeni stoo, makabati ya mafaili, mashine za kuchapia, jiko dogo na njia ya kupita. Watu wahamie upande wa kusini, kaskazini au mashariki. Vioo vya magharibi vibandikeni plastiki ya kurudisha joto, ile nzuri, na mwombeni mwenye jengo aibandike kwa nje ikiwa aina yake inaruhusu. Meza zikae ubavu kwa dirisha. Anayeligeuzia mgongo dirisha anaona jua ndani ya skrini yake, na anayelikabili anakunja uso siku nzima. Nimeona ofisi za vioo ambazo mapazia hufungwa mwaka mzima na taa huwaka saa sita mchana. Kama mna dirisha linaloonyesha mwembe au kipande cha bahari, hapo msiweke kabati. Mtafiti Roger Ulrich alionyesha mwaka 1984, katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kwamba wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo na kulazwa kwenye vitanda vinavyotazama miti waliruhusiwa mapema na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Wanaovaa masweta, bila shaka, wamekaa chini ya mdomo wa kiyoyozi, na rimoti imewekwa 18 na mtu anayekaa mbali. Pengine wengi wao ni wanawake. Si kudeka. Kanuni za joto la ofisini zilizoenea duniani zilitungwa miaka ya 1960, na mwili uliotumika kukadiria ulikuwa wa mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70. Watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walilieleza hilo mwaka 2015: mwili wa mwanamke aliyekaa hutoa joto pungufu kuliko kanuni inavyodhani. Wekeni rimoti kati ya 25 na 26, kisha mzinunulie meza za upande wenye joto feni ndogo, kila mtu na yake. Upepo juu ya ngozi unamfanya mtu asikie nafuu ya nyuzi mbili tatu, na feni hula umeme kidogo sana ukilinganisha na kiyoyozi. Na kama kuna kanuni ya tai na koti, iondoeni. Japani ilifanya hivyo mwaka 2005 kwa kampeni ya serikali iliyoitwa Cool Biz: viyoyozi vikapandishwa hadi 28 na watumishi wakavua tai. Sisi tuna mashati ya batiki na vitenge tangu zamani, tena vinapendeza.

Kuna wakati mteja huniuliza kwa nini tusijenge kama Eastgate ya Harare, lile jengo la Mick Pearce lililofunguliwa 1996, linalojipoza kwa hewa ya usiku kwa mfano wa kichuguu. Harare iko juu, karibu mita 1,500, usiku wake ni wa baridi. Usiku wetu wa Januari hauna baridi ya kuvuna. Tuige fikra ya kusoma hali ya hewa ya mahali, tusiige jengo.

Sasa kelele, na vile vyumba vitatu. Naielewa nia ya mkurugenzi: anataka watu wazungumze. Lakini hili limepimwa. Watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban walifuatilia kampuni mbili kubwa zilizoondoa kuta na kuwakusanya watu ukumbini. Waliwavalisha wafanyakazi vifaa vya kuhesabu mazungumzo kabla na baada. Matokeo yao ya mwaka 2018: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Mtu akijua kila neno lake linasikika na watu thelathini, anavaa hedifoni, anainama na kuandika ujumbe kwa aliyekaa meza ya jirani. Na kelele inayoumiza kichwa cha mhasibu si ya jenereta wala ya honi za bodaboda barabarani. Ni maneno. Sikio letu haliwezi kuacha kusikiliza maneno yanayoeleweka. Mwenzako akisema "laki tatu na hamsini" kwenye simu wakati wewe unajumlisha, namba yako imekwenda.

Hapa ndipo ningependa mkurugenzi atazame nyumba ya mawe ya Lamu. Mgeni anaanzia daka, yaani ukumbi wa mlangoni, penye mabaraza ya kukalia, na wengi huishia hapo hapo: salamu, biashara, kicheko, vyote vinamalizikia mlangoni. Anayeingia anakuta kiwanda, uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kisha msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili zinazofuatana, na mwisho ndani, chumba cha faragha cha wenye nyumba. Kila hatua ni ya watu wachache zaidi na sauti ndogo zaidi. Hakuna aliyekatazwa kuzungumza. Kila mazungumzo yana mahali pake. Nyumba ile imewatenganisha watu wa kelele na watu wa utulivu bila tangazo hata moja ukutani.

Pangeni ghorofa yenu hivyo. Karibu na lifti, daka lenu: mapokezi, zile sofa anazozitaka mkurugenzi (ndiyo, hapo zina kazi), mashine ya kahawa, mahali pa kumpokea mteja. Baada ya hapo mauzo na huduma kwa wateja, wanaoshinda kwenye simu. Katikati kabati za mafaili ziwe ukuta. Nyuma kabisa, uhasibu na wanaoandika ripoti. Vyumba vitatu vibaki: kimoja cha mikutano, kimoja kidogo cha simu na mazungumzo ya siri, na cha tatu nitakisema baadaye. Sakafu ya vigae, dari ya jipsamu na kioo vinarudishiana sauti, kwa hiyo tandikeni zulia chini ya meza za mauzo, tundikeni mapazia mazito, na ukuta mmoja uvalisheni kitambaa kilichojazwa sufi. Kitenge kizuri kinafaa kabisa kuwa kitambaa cha juu.

Viti nisiseme mengi. Nunueni vinavyopanda na kushuka, nyayo zikanyage sakafu, na kila kompyuta mpakato inyanyuliwe mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Rimu mbili tatu za karatasi zinatosha kuinyanyulia, pamoja na kibodi na kipanya vya pembeni.

Chumba cha tatu kiwe cha mapumziko: mama anayenyonyesha akamulie humo, anayeswali aswali humo kwa zamu, mwenye kipandauso alale dakika ishirini. Kiwe na kitasa cha ndani, soketi, friji ndogo, kiti chenye mikono, na sinki ikiwezekana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na nimeshakutana na akina mama wanaokamulia chooni wakiwa wamesimama. Dada yangu, hilo tulikomeshe. Sheria hiyo hiyo inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Wanaokula chipsi juu ya kibodi huku wanajibu simu hawajapumzika. Wapeni meza ndefu ya kulia, mbali na kazi, ili chakula cha mama lishe kiliwe kwa pamoja.

Na usingizi wa saa nane si wa hewa peke yake. Wangapi kati ya hao 34 wanatoka Mbagala, Gongo la Mboto, Bunju, Kibaha? Anayeamka saa kumi alfajiri kuikwepa foleni na kurudi saa tatu usiku hana kiti kitakachomponya. Ruhusuni watu waingie wakati wowote kati ya saa moja na saa tatu, na watoke kwa hesabu hiyo hiyo. Hilo halitagusa hata shilingi moja ya bajeti, na pengine ndilo litakaloshukuriwa kuliko yote.

Kuhusu meza ya tenisi: waulizeni wenyewe. Watafiti Craig Knight na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha mwaka 2010 majaribio ambayo watu walipewa kazi katika ofisi za namna mbalimbali. Ofisi iliyopambwa kwa mimea na picha iliwazidi wa ofisi tupu kwa asilimia 17 hivi. Walioruhusiwa kuipanga mimea na picha wenyewe walizidi kwa asilimia 32. Halafu kuna kundi lililopanga, kisha mtafiti akaja kuyapangua mbele yao na kupanga anavyotaka yeye: faida yote ikapotea, ingawa mapambo yalikuwa yale yale. Tengeni kiasi fulani, tuseme milioni mbili, kila idara ipewe sehemu yake iamue yenyewe. Wakichagua meza ya tenisi, inunuliwe kwa moyo mmoja na iwekwe daka, mbali na uhasibu.

Kabla ya kununua chochote, nunua kipimo cha hewa ya ukaa, kifaa kidogo cha mezani chenye bei ya chini kuliko kiti kizuri cha ofisi. Kiweke usawa wa pua ya mtu aliyekaa, mbali na dirisha na mbali na mdomo wa mtu. Andika namba saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa mchana, wiki nzima, pamoja na joto la kila kona. Ukinitumia namba hizo na mchoro wa ghorofa unaoonyesha kaskazini ilipo, nitakuchorea feni ziingie ukuta upi na zitokee upi.